Alama Mbili za Mto

Baba mpendwa,

Nimefeli mazoezi ya kufundisha. Mama nimemwambia matokeo hayajatoka. Wewe sikuwahi kukudanganya ukiwa hai, na sitaanza sasa, miaka mitatu baada ya kukuzika.

Unakumbuka likizo ile uliyonipeleka kazini kwako, kule kichinjioni Dagoretti? Nilikuwa na miaka tisa, nimevaa viatu vya mpira vya Mama vilivyonifika magotini. Uliinua ini la ng'ombe ukaniuliza, "Unaona nini?"

"Ini."

"Sikukuuliza jina lake. Angalia."

Nikaangalia mpaka nikaiona ile mishipa migumu, myeupe, ya ini lenye minyoo. Mwenye ng'ombe akakusihi uipitishe nyama yake, akasema wakaguzi wenzako hawana ukali kama wako. Ulilikatakata lile ini ukalitupa, na tulirudi nyumbani bila wewe kusema neno.

Hiyo ndiyo elimu niliyokwenda nayo kwenye mazoezi, shuleni Muthangari. Gredi ya Saba walipewa jaribio lenye swali hili: taja faida mbili za mto ulio karibu na nyumbani kwenu. Msichana mmoja, Njeri, akaandika: "Mto wetu hauna faida kwetu. Mama alifulia nguo huko zikanuka. Unawafaidisha wale wenye mabomba ya kumwaga taka." Nilisoma mara tatu. Nikampa alama zote mbili.

Mwalimu aliyekuwa akinisimamia, Bwana Mwangi, akaiona karatasi hiyo. "Mwongozo unasema maji ya kunywa, samaki, kunyunyizia mashamba. Hii haipo."

"Lakini swali linauliza mto wa karibu na kwao."

"Wewe bado ni mwanafunzi. Kata."

Nilikataa. Akazikata alama hizo mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kisha akaingia darasani kurudisha karatasi. Njeri akainua mkono. "Mwalimu, kwani mto yetu si mto?" Wenzake wakacheka. Akaambiwa aketi. Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Bwana Mwangi, kulikuwa na bango la mtaala mpya lenye maneno "uwazaji kina" kwa herufi kubwa. Nikasema, mbele ya darasa zima, kwamba jibu la Njeri ni sahihi.

Ripoti ya Bwana Mwangi ikasema sina nidhamu ya kazi. Mhadhiri aliyekuja kunitathmini aliisoma kabla hajanisikiliza. "Ungenyamaza wiki mbili tu," akaniambia, "uhitimu, halafu ufundishe unavyotaka." Kila mtu ananiambia hivyo, Baba. Walimu wenzangu wa mazoezi, rafiki yangu wa Kilimani, hata mchungaji. Nawauliza ni nani aliyenyamaza mpaka akahitimu, kisha akakumbuka kusema.

Nawe pia nimekukasirikia. Ulinifundisha kuangalia, lakini hukuwahi kuniambia kama siku ile uliogopa. Labda uliogopa. Labda ndiyo sababu ulikuwa kimya njia nzima, na mimi nikadhani ni ushujaa.

Siku yangu ya mwisho Njeri alinifuata hadi getini. "Mwalimu, nikiandika hivyo kwa mtihani ya mwisho, nitapata?"

Nilitaka kumdanganya. "Hutapata," nikasema.

Akavuta mkoba wake begani. "Basi nitaandika samaki."

Nilitembea mpaka barabarani nikiwa na hasira hata na viatu vyangu.

Jana nilijaza fomu ya kurudia mazoezi. Wanataka ueleze, kwa aya moja, falsafa yako ya elimu. Wengine hunakili ya mwaka uliopita. Niliketi nayo asubuhi nzima, nikaandika sentensi moja: "Sitamfundisha mtoto kuandika samaki ambao hajawaona." Najua wataniita nieleze. Nitakwenda, Baba, na safari hii nitakwenda nikijua kwamba naogopa.

Pumzika wewe. Mimi bado nina muhula mzima mbele yangu.

Binti yako,
mwalimu ambaye hajahitimu