Baba Anasikiliza

Jumatatu, 3 Februari
Mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, hapa Migori. Magoti yamelia kama mlango wa choo cha soko. Nimewaambia vijana hiyo ni sauti ya uzoefu. Wamecheka. Wanacheka kila kitu ninachosema, na kwa nini wasicheke? Nimecheza kikapu Kampala, Kigali, Aleksandria, Doha. Nimelala hoteli zenye lifti za vioo. Nimekula chaza, na hilo sirudii. Shule niliacha kidato cha pili na bado hakuna mchezaji upande huu wa nchi anayelipwa kama mimi. Naandika humu kwa sababu humu hakuna wa kunibishia.

Halafu kocha. Kocha Boke, mama mmoja mwalimu wa hesabu kutoka Kehancha, ananifika kifuani akiwa na viatu. Ameniita pembeni.

"Okoth, kuanzia sasa hushuti. Unasimama kama ukuta. Mwita anapita nyuma yako, anayemkaba anakugonga wewe, Mwita anashuti. Ukipata mpira unampa aliye wazi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 5 Februari
Ukuta siku nzima. Mwita ana miaka ishirini na miwili na mbio za swala. Kila akipita, mtu anatua kwenye mbavu zangu. Yeye anafunga, mimi napigwa.

Nimempigia Tajiri, mwenye timu, yule wa malori ya miwa kule Awendo. Ndiye aliyenitoa Doha, akabandika sura yangu ubavuni mwa lori. Nilijua atamfokea kocha. Akasema, "Ndovu, msikize mwalimu." Akakata.

Ndovu ni mimi. Jina la uwanjani.

Nimenunuliwa kama fahali nifanye kazi ya ua wa boma. Nina hasira. Nimekula chapati saba.

Jumamosi, 8 Februari
Tumeshinda. Mwita pointi thelathini na moja. Mimi mbili. Mbili! Kocha akanishika mkono mbele ya wote: "Leo Okoth ndiye aliyeshinda mechi hii." Vijana wakapiga makofi. Nikajifanya nasoma simu.

Jioni Ouma amepiga. Kaka yangu mkubwa, ndiye anayekaa na Baba nyumbani Homa Bay.

"Baba anauliza kama unaumwa."

Baba haoni. Sukari ilimla macho, huu mwaka wa pili, na sasa hata kukaa kitini hawezi. Mechi zetu zinatangazwa kwa lugha yetu, Dholuo, na kituo kidogo cha redio cha huku, naye huilaza redio begani kama mtoto mchanga. Mtangazaji anamtaja anayefunga tu. Leo amesikia jina langu mara moja. Ameamua kuna jambo limenipata na tunamficha.

Ana haki ya kufikiri hivyo. Kwetu habari mbaya haisemwi kwenye simu. Mtu akifa unaambiwa, "anaumwa kidogo, njoo tu." Unafika, unakalishwa, unapewa maji, ndipo mzee mmoja anakohoa na kukuambia. Mama alipofariki niliambiwa ana malaria. Nikamnunulia machungwa njia nzima. Nilishuka kwenye gari na machungwa mikono miwili.

Jumanne, 11 Februari
Nimemfuata mtangazaji kibandani anakokunywa chai. Nimembebea sangara mkubwa kama mtoto wa chekechea. Nikamwomba, ataje na wanaotoa pasi.

"Omera, ndugu yangu, wote hao? Nitapumua saa ngapi?"

"Basi nitaje mimi tu."

"Niseme nini? Ndovu amesimama? Wasikilizaji, Ndovu bado amesimama?"

Kibanda kizima kimecheka. Na mimi nimecheka, ndiyo kazi yangu. Samaki amebaki naye.

Jumamosi, 15 Februari
Tumecheza Uriri. Tumeshinda. Pointi zangu: sifuri. Pasi kumi na nne. Mbavu za kushoto zimevimba.

Humu sidanganyi. Ile pasi ya mwisho, nilikuwa wazi kabisa, ningefunga nikiwa nimefumba macho, nikampa Mwita. Mpira ulipoingia nilisikia utamu mpya kifuani, wala Doha sikuwahi kuusikia. Dakika moja hivi. Halafu nikamkumbuka Baba na redio yake begani, saa nzima, hakuna mtoto wake. Nikajichukia.

Jumapili, 16 Februari
Nimeenda nyumbani. Baba amepungua mpaka shati linamvaa yeye. Alinipapasa uso, masikio, mabega, akashuka mpaka magotini.

"Uko mzima."

"Niko mzima, Baba."

"Mbona redio haikujui?"

Nikamweleza habari ya ukuta. Akawa anapima. Miaka arobaini alikuwa fundi baiskeli, kila kitu anakipitisha huko.

"Kwa hiyo wewe unashikilia baiskeli, mwenzako anapanda."

"Ndiyo."

"Na wanakulipa?"

"Sana, Baba."

Alicheka mpaka akakohoa, Ouma akaja na maji. Alipotulia akasema polepole, "Sawa, nyathina, mwanangu. Ni kazi nzuri. Lakini mimi sioni. Nikisikia jina lako najua uko hai. Nisipolisikia, saa hiyo nzima nakuzika."

Nimemwahidi. Jumamosi tunacheza Homa Bay, mjini kwake. Nimemwambia utanisikia mpaka uchoke, utaomba wazime. Akanifinya mkono. Mkono mwepesi kama wa ndege.

Nimelia garini. Sijui kwa nini naandika hilo.

Alhamisi, 20 Februari
Nimemwambia kocha Jumamosi nataka kushuti. Sikusema sababu. Mwanaume mwenye ndevu, niseme baba yangu anataka kunisikia redioni?

Akasema hapana. "Jumamosi tukishinda tunapanda daraja. Vijana hawa hawajawahi kupanda chochote, Okoth. Wewe umeshapanda lifti za vioo."

Nikasema sawa, Mwalimu. Nilikuwa nadanganya.

Jumamosi, 22 Februari
Naandika garini, twaenda nyumbani kwa Baba. Kocha anaendesha gari langu, amesisitiza, eti kisigino changu kimevimba. Mwita nyuma. Anatazama dirishani.

Saa nne asubuhi nilimpigia Ouma. "Baba anasikiliza leo?"

Akasema, "Wewe cheza, omera. Cheza vizuri. Ukimaliza njoo nyumbani, uje na kocha wako."

Nikafurahi. Mzee anataka kumwona huyo mwanamke anayemsimamisha mwanawe.

Mpira wa kwanza nilioshika, nikashuti. Ukaingia. Wa pili, ukaingia. Nikangoja kocha anitoe. Amekaa benchi, mikono katikati ya magoti, ananitazama tu. Vijana wakaanza kunipa kila mpira. Na Mwita, wallahi, Mwita akaja akasimama mbele yangu kama ukuta, mimi nikapita nyuma yake, jitu la Homa Bay likamgonga kifuani akaanguka. Akainuka, akasimama tena. Nikajua ananidhihaki. Halafu nikaona analia. Nikamwambia, "Lia, kijana. Leo siku ya wakubwa."

Pointi arobaini na moja. Kila moja nilimsikia mtangazaji kule mezani akipasua koo, Ndovu, Ndovu, Okoth wuod Homa Bay, mwana wa hapa!

Tumepoteza kwa pointi moja. Mpira wa mwisho Mwita alikuwa wazi. Niliuona mkono wake. Nikashuti, ukagonga chuma.

Hatupandi daraja. Hakuna aliyenitukana, wala kunitazama. Wamekasirika. Wacha wakasirike, nitawaomba msamaha kesho, nitawanunulia mbuzi mzima. Baba amenisikia. Tumeshapita kanisa. Naona watu wengi barabarani. Nadhani ni mimi wanangoja.

Jumatatu, 24 Februari
Baba alikufa Jumamosi alfajiri. Kuku walikuwa hawajashuka.

Nilikalishwa. Nikapewa maji. Mzee akakohoa. Na mimi, mtu wa machungwa, nilikuwa bado nimeshika jezi nimwekee Baba mkononi.

Haya nimeambiwa jana, kidogo kidogo. Ouma alimpigia kocha saa moja asubuhi. Akamwambia asinieleze, niambiwe nyumbani na wazee, ndivyo ilivyo. Akamweleza na ahadi yangu. Kocha akapanda basi la timu. Mimi sikuwamo, mimi bwana mkubwa nasafiri na gari langu. Akawaambia vijana, baba yake Okoth amefariki, yeye hajui, leo mpeni mpira. Mmoja akauliza, na kupanda daraja? Mwita akasema, "Mimi nitasimama."

Walijua wote. Kila pasi waliyonipa walijua. Walikuwa wamengoja miaka mitano mechi ile, wakaniachia nikaitupa.

Nimemuuliza kocha kwa nini aliniacha nishuti, na Alhamisi alikataa. Alikuwa amekaa na wanawake anachambua mboga kama jirani. Akasema, "Mbona hukuniambia Alhamisi?" Akaendelea kuchambua.

Ningemwambia mapema, hata kabla ya mechi ya Uriri, pengine angeniacha nishuti mbili tatu, Baba angesikia. Mechi ya mwisho aliyoisikia ni ile. Sifuri. Saa nzima alinizika.

Ouma anasema Jumamosi mtu aliwasha redio uani, wazee wakiwa wamekaa. Walisikia jina langu mpaka shangazi akasema zimeni hiyo kitu, inaniua.

Na lile neno nililomwambia Mwita. Alilala hapa na timu yote, kwenye turubai, mbu wakamla. Nimemfuata asubuhi nimwombe radhi. Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye polisi wa Aleksandria walishindwa nami kwa maneno, na lugha yao siijui. Hakuna kilichotoka. Akasema, "Pole, Ndovu." Akaenda kusaidia kubeba viti.

Ijumaa, 28 Februari
Siwezi kulala, siwezi kula. Watu wanakuja wananiambia wewe ni mwanaume, jikaze. Nimejikaza mpaka taya linauma.

Jumamosi, 8 Machi
Tumemzika. Ouma alitupa udongo kwanza, kisha mimi. Watu wengi, nimelisha kijiji kizima na cha jirani. Mwenye kipaza sauti akasema sasa tumsikie Ndovu wetu, mtu wa dunia. Wakakaa vizuri, wanajua mimi ni burudani.

Nikasema, "Alikuwa fundi mzuri. Baiskeli zenu zinajua." Nikarudi nikakaa. Nilikuwa na mengine, sikuyaona.

Kocha alikuwa mstari wa nyuma na vijana wote, jezi wamezivaa chini ya makoti. Walisimama juani saa nne nzima. Hakuna aliyeegemea kitu.

Jumatano, 19 Machi
Mazoezi. Daraja lile lile, uwanja ule ule. Nywele nimenyoa, vijana hawakutania. Tajiri amepiga, anasema watu waliona arobaini na moja zangu, wanaulizia, je, nimwambie kocha akuache ushuti? Nikamwambia hapana. Akauliza kama ninaumwa.

Nimesimama. Mwita amepita, wamenigonga, nimesimama tena. Kocha akapuliza filimbi yake.

Jioni Mwita amebisha hodi. Amebeba unga na omena, dagaa wa ziwani, kwenye karatasi. Kwamba aliyefiwa asijipikie, mama yake alimwambia. Akaingia jikoni kwangu bila kuuliza, akasonga ugali akiwa amenipa mgongo. Nikiwa namwona mgongo tu, nikaweza. Nikasema, "Lile neno la Homa Bay, nisamehe." Mwiko ukasimama kidogo. Akasema, "Lilishapita." Akaendelea kusonga.

Hajui kupika, maskini. Ugali una madonge, ndani unga mkavu. Omena wamejaa mchanga.

"Umeiva?" ameuliza.

"Umeiva vizuri sana."

Nimekula wote. Nikaomba kipande kingine.