Kuku wa Mama Kwenye Hesabu ya Kutoa

Jumanne usiku, Garissa

Na mimi nilikuwa nishaamua kwamba wanafunzi wangu hawajui kutoa!

Asubuhi niliwapa Gredi ya Tano hesabu ya mambo ya kwao, badala ya yale maembe ya kitabuni. Nilijiona mwerevu. "Hibo, baba yako ana ngamia wangapi?" Hibo ndiye mkali wa hesabu. Akainamia dawati. "Wako tu, mwalimu. Alhamdulillahi." Nikamgeukia jirani yake, mbuzi je? Wako pia, alhamdulillahi. Darasa zima lina mifugo na halina hata namba moja. Nikafoka kidogo.

Wakati wa chai Mwalimu Abdi, mzaliwa wa mtaa huu wa Iftin, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Madam, mifugo haihesabiwi mbele za watu. Inapata jicho baya."

Huu ni mwaka wangu wa pili hapa na hakuna aliyeniambia. Au sikuuliza. Hilo linaniuma kuliko kicheko chake.

Basi nikarudi darasani na kuku wa mama, kule kwetu Kirinyaga. Mama ana kuku kumi na wawili, mwewe akachukua watatu, wamebaki wangapi? Mikono yote juu. Ila Hibo alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Ni tisa, mwalimu. Lakini umeona? Ni wewe uliwahesabu."

Jioni nimempigia mama simu. Anasema kuku ni wazima.

Sikumwuliza ni wangapi.