Mtaro Niliosema Nimechimba

Mwanangu Nekesa,

Ni mimi anko wako Barasa. Ungetaka nianze na salamu za nyumbani, najua, lakini leo salamu zangu zimejaa aibu, kwa hivyo acha nianze na aibu yenyewe. Nimekusingizia. Ulikuwa umelala huko nyuma ya nyumba ya mamako, huwezi kuinuka useme "Anko, hapana," nami nikasimama mbele ya kikundi chetu kizima cha wakulima nikasema maji yaliingia stoo kwa makosa yako.

Nimesema. Kama wafu hujua mambo, basi ulijua siku ile ile.

Ngoja nieleze vizuri, maana ulituacha kabla mvua haijafika. Unakumbuka vile kikundi kilinichagua kuwa nyapara wa kujenga stoo ya mahindi? Nilichaguliwa na mdomo wangu. Niliwaambia kule Budalangi nilijenga daraja, na mto wenyewe ukapita chini yake umeinama kwa heshima. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakanipa kazi. Wewe ulikuwa karani hapo Eldoret mjini, nyumbani unakuja Jumapili tu, lakini ukasema utasaidia. Ukaja mkutanoni na kompyuta yako, ukaiweka juu ya meza ya Mzee Kamau wa duka, ukatuonyesha jedwali.

Kila mstari ulikuwa na jambo moja linaloweza kuharibika. Mvua kufika kabla ya mabati. Fundi kutorokea mjengo mwingine. Lori la mchanga kukwama kwenye matope. Maji ya mteremko kuingia stoo kwa nyuma. Kando ya kila jambo uliandika dawa yake, jina la mtu wa kuliangalia, na siku ya kwenda kuliangalia. Nyekundu kama bado, kijani kama tayari. Ni hivyo tu. Hata mimi niliyeishia darasa la sita nilielewa, na hicho ndicho kiliniudhi. Jedwali lako halikuwa na mahali pa kuweka hadithi.

Kwetu mtu hataji mabaya ya nyumba ambayo haijaezekwa. Ni kama kuyaita. Nilijua watu wanaogopa hilo, nikalitumia. "Nekesa," nikasema, "hii umetuletea ni harambee ama ni matanga?" Wee, walivyocheka! Mama Jerop akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akasema, "Huyu na mdomo wake, asituitie mafuriko." Hukubishana. Ulifunga kompyuta polepole, ukaniambia, "Sawa, Anko. Nitakuwa nakutumia kwa simu."

Na ukatuma. Kila Ijumaa. Anko, mabati? Tayari, mwanangu. Anko, mbao za kuwekea magunia? Tayari. Anko, mtaro wa nyuma? Tayari kabisa, nikaandika, hata trakta inaweza kuogelea humo.

Hakukuwa na mtaro. Jembe halikuwa limegusa pale hata mara moja. Sababu ni ndogo mpaka naona haya kuiandika: nilishawaambia wanaume pale dukani kwamba mimi nikitazama mteremko najua maji yatapita wapi, na hapo hayatapita. Kuchimba ingekuwa kukubali kwamba msichana aliona na mimi sikuona. Wewe ukaniamini, ukapaka ule mstari kijani.

Halafu Jumatatu kichwa kikakuuma. Alhamisi hukuwa nasi.

Kwenye mazishi nilipewa dakika tano nikachukua ishirini. Nikasema mimi ndiye niliyekufundisha hesabu. Mimi, ambaye ulinionyesha mara tatu jinsi ya kufungua hilo jedwali, na mara zote tatu nikajifanya simu ndiyo mbovu.

Mvua ilikuja Jumapili mchana, watu wako kanisani. Ilipita pale pale uliposema. Magunia yote ya chini yalilowa. Mama Jerop yake yalikuwa kumi na moja na yote yalikuwa chini, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kuleta. Kufika wakati wa kuyafungua, mahindi yalikuwa yameota, mizizi imetoka nje ya gunia kama ndevu. Aliushika mzizi mmoja akanitazama.

Kikundi kikaitwa. Mzee Kamau akaniuliza, "Barasa, mtaro uko wapi?"

Nekesa, hapo ndipo nilipokuuza. Nilitoa simu, nikafungua jedwali lako. Siku hiyo nilijua kulifungua! Nikawaonyesha kijani. "Mambo haya alikuwa anapanga Nekesa," nikasema. "Yeye ndiye aliandika mtaro uko tayari. Mimi nilimfuata." Simu ikapita mkono kwa mkono. Mtu akasema, "Ndio hao wasomi wa karatasi." Mamako alikuwa ameketi karibu na mlango. Alijifunga leso, akatoka, na hakurudi kikundini. Nilikuwa nikimwona akienda sokoni kwa njia ya mbali, ndiyo asipite mbele ya stoo.

Ningekaa hivyo. Nakwambia ukweli, ningekaa hivyo mpaka nife. Lakini kikundi kikataka jedwali lote kwa karatasi, na mimi nikatumwa saiba mjini, kule kwa kompyuta za kulipia, nikalichapishe. Msichana wa pale akauliza, "Mzee, kuna maneno mwenyewe ameandika pembeni, nitoe nayo?" Nikamjibu kama mkubwa wa ofisi: toa yote.

Nilisoma nikiwa nimesimama nje, kwa kidole, neno moja moja. Kando ya mstari wa mtaro uliandika: "Anko amesema tayari. Jumamosi niende nione mwenyewe. Niende peke yangu, asione haya mbele ya watu. Kama bado, tuchimbe sisi wawili kabla watu hawajaamka."

Jumamosi hiyo tulikuwa tunakutafutia sanduku.

Mimi nilikuaibisha mbele ya watu wote, na wewe ulikuwa umepanga siku ya kunificha mimi aibu. Na unadhani nilikimbia kuwaambia? Nilikunja ile karatasi nikaitia ndani ya soksi. Kikundi nikawapa zile zingine. Siku tisa, mwanangu, nilitembea na maneno yako mguuni.

Siku ya kumi ilikuwa mkutano. Nikasimama nikaanza vile mimi huanza, "Nilipokuwa Budalangi..." na hapo nikajikatiza mwenyewe. Nikawaambia Budalangi nilikuwa nawachemshia mafundi chai. Wiki mbili. Daraja sijajenga hata la mbuzi. Kisha nikainama nikavua kiatu. Wengine wakaanza kucheka. "Leo Barasa ametuletea sinema," mtu akasema. Nikatoa karatasi nikawasomea, na kicheko kikaisha chenyewe.

Mama Jerop ndiye aliyeongea. "Kwa hivyo mtoto wa watu tumemsema wakati huu wote bure."

Mzee Kamau akaniambia, "Kaa chini, Barasa." Halafu akasema, "Hapana, usikae. Nenda kwa dadako."

Nikaenda. Nilimkuta mamako anachagua maharagwe kwa uteo. Hakunipa kiti. Alinisomesha ile karatasi mara mbili, na mara ya pili alinisimamisha pale penye "sisi wawili" akasema nirudie. Hata chai hakunipa, na dada yangu hajawahi kuninyima chai tangu tuzaliwe. Nilipofika mlangoni nikamsikia akisema, "Sisi umeshatuambia. Yeye je?"

Ndiyo maana unaona mwandiko huu wa kuku.

Mtaro nimeuchimba. Siku tatu, peke yangu, mchana watu wakinitazama. Mzee Kamau alikuja na kijiti akapima urefu wa kwenda chini. "Sikuamini," akasema, "nimekuja kuona." Ana haki. Unyapara wameninyang'anya, na hapo pia wana haki. Mama Jerop nitamlimia shamba lake msimu huu na ujao, na hata hivyo mahindi yake hayatarudi. Mamako alirudi kikundini Jumamosi. Aliketi mbele. Hakunitazama.

Sikuombi unisamehe. Huwezi kukataa, na nimeshakutumia vya kutosha kwa sababu huwezi kukataa.

Ahadi yangu ni moja, nayo ni nzito kwa mtu kama mimi: sitasema nimeona kitu ambacho sijakiona, na nisichojua nitasema sijui. Wiki hii nimelisema mara moja, mbele ya vijana, "sijui." Mdomo uliniuma kama nimetafuna pilipili.

Kwaheri, Nekesa. Pumzika vizuri, mwanangu. Jedwali lako sasa ndilo kikundi kinalitumia, na mimi wamenipa mstari mmoja tu, mlango wa nyuma wa stoo. Leo Ijumaa wameniuliza kama bawaba zake zimekazwa. Nimeenda, nimeusukuma kwa mkono wangu, unacheza. Nimewaandikia: bado.

Anko wako,
Barasa