Kitanda cha Mninga cha Somoe

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Kitanda cha harusi cha binti yangu Somoe: leo nimekipaka mafuta mara ya pili. Mafuta ya kitani yaliniishia kabla sijafika miguuni. Madukani hamna. Nyumbani mna debe la mafuta ya karanga, nikachanganya. Mafuta ni mafuta. Mninga uling'aa mpaka nikajipongeza.

Alhamisi, 6 Agosti
Bado kinanata. Jua kali, upepo upo, kitanda kibichi. Inzi wawili wamegandia ubao wa kichwani.

Jumamosi, 8 Agosti
Mama Somoe kaegemea. Doa kwenye kanga mpya. Kaivua, kaenda kuiloweka. Bora angenitukana.

Jumapili ya tarehe 16 wakwe wanatoka Mbekenyera kumchukua Somoe pamoja na kitanda chake. Nimekwisha kujisifu kwao kwamba hawajaona kama hicho. Mwanangu atachekwa siku ya kwanza ugenini, kwa ajili yangu.

Fundi Saidi wa Chiola angeweza kukiponya. Lakini miaka miwili hatusalimiani. Nilimwita mchonga vinu, si seremala, sokoni, mbele ya watu.

Jumapili, 9 Agosti
Nimekwenda Chiola kwa baiskeli. Mara mbili nilitaka kugeuza. Saidi alinisikiliza huku akinoa patasi, kisha akatia vyombo vyake kwenye gunia. Basi. Hata radhi hakungoja niombe. Niliiomba njiani.

Kufika kwangu, akainama akanusa ubao.

“Fundi mwenzangu, hapa umejenga kitanda au umekaanga mihogo?”

Karanga haikauki, kasema, hata ukingoja masika.

Jumatatu, 10 Agosti
Kachekecha majivu ya jikoni, kayamwaga juu ya mbao, kaziacha juani. Majivu yakanywa mafuta yakawa meusi. Kafagia, kamwaga mengine. Mara nne. Halafu tapentaini kwa kitambaa. Halafu majani ya msasa, akisugua kufuata nyuzi za mti, macho kafumba. Kweli, kafumba. Mkono wake unaona.

Nilimwonea wivu hadi adhuhuri. Baadaye wivu ukaisha, nikabaki kutazama tu. Miaka ishirini kwenye kazi hii na sijapata kugusa mbao hivyo.

Jumanne, 11 Agosti
Kaja na nusu chupa ya kitani, akiba yake mwenyewe. Kapaka kidogo mno, nikadhani anabania. Kangoja kidogo, kisha kafuta yote kwa kitambaa kikavu, kama anayejutia. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Mimi siku zote napaka. Yeye anafuta.

Vitambaa kavitandaza uani kimoja kimoja. Vikirundikwa vinashika moto vyenyewe, kasema. Hilo nalo sikulijua.

Ijumaa, 14 Agosti
Kikavu. Nimekigusa mara kumi. Ishirini.

Jumapili, 16 Agosti
Wakwe wamekuja. Kitanda kilikuwa uani, tayari kubebwa. Somoe akakaa ukingoni, ndani ya doti yake nyeupe ya kanga, akingoja kuitwa. Alikaa muda mrefu. Alipoinuka nikaangalia nyuma ya kanga. Safi.

Nikageuka. Saidi, kasimama nyuma yangu, naye alikuwa anaangalia pale pale.