Kabla Hujagonga Viganja Mara ya Pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mgongo umekuachia walau kidogo tangu nilipokusugua dawa Jumamosi. Natumaini na mama hajambo. Mkumbushe auweke mguu juu ya kigoda kila akikaa, asijifanye hasikii. Mimi huku kiafya sijambo. Roho ndiyo haijatulia, na sitakuzungusha: nakuandikia nikiwa na hasira. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezichana kwa kuwa zilikosa adabu. Hii ya nne naileta kama ilivyo, na popote utakapoona ukali, nakuomba usome kwanza hadi mwisho, ndipo uniite mtovu wa adabu.

Kwanza, asante kwa sherehe ya udaktari wangu. Watu walikula wakasaza, viti vilitosha, hata jirani yetu fundi cherehani, ambaye mlinuniana naye tangu ule mgogoro wa ukuta, alikuja na mkewe. Nilipokuona umevaa lile koti lako la harusi linalokubana mabegani, machozi yalinilengalenga. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata si matamu.

Ulisimama ukasema binti yako alikuwa daktari tangu tumboni. Ukasema akili haifundishwi, mtu huzaliwa nayo kama anavyozaliwa na pua. Ukasema sikuwahi kurudia mtihani hata mmoja maishani mwangu, na kwamba kitabu nilikuwa nakipitisha macho mara moja tu, basi, kimeingia. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikatabasamu, baba. Ulinivisha kilemba cha ukoka mbele ya kadamnasi, na mimi nikakinyoosha vizuri kichwani.

Ungeishia hapo ningerudi kazini nimenyamaza. Lakini ukamwita mdogo wangu. Alikuwa amebeba sinia la glasi, ukamwambia alitue aje mbele. Ukawaeleza wageni kwamba huyu kitindamimba ameshindwa mtihani wa kufunga mwaka, kwamba mwalimu mkuu amekuletea fomu utie saini arudie darasa, na kwamba eti naye anataka kuwa daktari. Hiyo eti yako iliwachekesha watu. Kisha ukagonga viganja mara moja na kumuuliza kumi na saba mara nane ni ngapi. Mtoto wa miaka kumi na mitano amesimama mbele ya watu wazima sitini, mikono imelowa maji ya glasi. Ukagonga mara ya pili. Ukasema, "Mmeona wenyewe. Mti usio na kiini hautoi ubao." Palepale ukamwahidi fundi cherehani kwamba wiki ijayo mtoto ataanza kujifunza kushona kwake, na fomu hutaisaini.

Ushonaji ni kazi ya heshima, na gauni nililovaa siku ile alilishona fundi huyohuyo. Kosa ni kumpa mtoto kazi kama adhabu, tena kwa kipimo cha viganja viwili.

Hicho kipimo nakijua. Au umesahau? Kila jioni kabla ya kula ulikuwa unatupanga, kaka na mimi, kwenye lile benchi lenye mguu mfupi. Ukigonga mara ya kwanza unauliza, ukigonga mara ya pili aliyenyamaza amekwisha. Kaka alijibu hata kabla hujamaliza swali. Mimi niliona midomo yako tu ikicheza. Ukaniambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila mimi nimezaliwa na kipara. Nyumba nzima ilicheka, na mimi nikacheka ili nisilie. Tangu siku hiyo nikawa Kipara. Wajomba waliniita Kipara, muuza maziwa aliniita Kipara. Jumamosi hapakuwa na hata mmoja aliyelikumbuka jina hilo. Limezikwa bila matanga, na wewe uliyenipa ndiye uliyeongoza mazishi.

Na kaka je? Simsemi vibaya, ni ndugu yangu na ananipenda. Ndiye aliyetangulia kwenda kusomea udaktari, na alirudi baada ya miezi minane akasema wahadhiri wanamwonea wivu. Ukamwamini. Mimi aliniambia ukweli, miaka mingi baadaye, akiwa anatengeneza simu kibandani kwake. Alipata alama mbaya katika jaribio moja tu. Hakujua mtu akishapata alama mbaya hufanya nini kesho yake, kwa maana haikuwahi kumtokea. Akafunga sanduku lake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wewe ni seremala, baba. Mimi nimekulia kwenye vumbi la mbao zako. Nimekuona ukipiga randa ubao mmoja asubuhi nzima, unapitisha kidole, unaguna, unarudia. Hujawahi kuugongea ubao viganja ili ulainike haraka. Siku moja tu ulijitia kipaji, ukasema jicho lako halihitaji futi, ukampimia mama kabati kwa jicho. Kabati hilo mpaka leo halifungi. Mama analibana kwa kipande cha kanga, na kila anapolibana ananitazama.

Sasa sikiliza niliyokuwa nimekuficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha miaka saba.

Unaukumbuka ule mwaka niliokuandikia kwamba profesa amenichagua nibaki nimsaidie utafiti? Uliitembeza barua ile karakana nzima. Mama aliniambia uliwasomea hata wateja waliokuja kuchukua vitanda vyao. Hapakuwa na utafiti, baba. Hapakuwa na profesa aliyenijua hata kwa sura. Nilikuwa nimeanguka.

Mwisho wa mwaka wa kwanza kuna mtihani wa mifupa. Meza arobaini zimepangwa ukumbini, kila meza ina mfupa mmoja na swali moja. Unasimama sekunde sitini, kengele inalia, unahamia meza inayofuata. Kuujua mfupa wa paja si kazi, hata mchinjaji anaujua. Kazi ni kusema kama ni wa kulia au wa kushoto, na ile alama ndogo iliyozungushiwa chaki inashikiliwa na msuli upi. Nilikuwa nimesoma hadi macho yamevimba. Niliposimama meza ya kwanza, kengele ikalia. Haki ya Mungu, sikusikia kengele. Nilisikia viganja vyako. Nikawa yule mtoto wa kwenye benchi. Nilipata alama thelathini na nane kwa mia. Wakatupa mtihani wa marudio baada ya likizo, nikapata arobaini na moja. Nikaambiwa nichague, nirudie mwaka au nirudi nyumbani. Nikakuwaza umesimama mlangoni mwa karakana ukisema si nilisema. Nikarudia mwaka, na nikatunga utafiti.

Aliyeniokoa si profesa. Ni mtunza chumba cha mifupa, mtu mkavu, mwenye kisirani, ambaye kazi yake ilikuwa kufuta meza, kupanga mifupa na kupiga ile kengele. Alikuja kunilalamikia kwamba namharibia kazi. Mitihani yote miwili, alisema, kengele inalia wenzangu wanahama, mimi nimeganda, foleni inagongana nyuma yangu, na yeye ndiye anayekaripiwa kwamba hapigi kengele kwa nguvu. Nikamwomba radhi, nikamwambia ni akili yangu, nimezaliwa sina. Akanitazama kama niliyemtukania mama yake. Akasema, "Binti, akili sijui, hiyo waulize wenyewe. Mimi naona unashtuka. Mshtuko unazoeleka, hata punda huzoea kengele."

Basi kila siku saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa kwenye foleni ya kula, yeye alipanga mifupa kumi, akaketi na kengele magotini, akala mkate wake na kunipigia. Nikikosea halaumu, hasifu, anaurudisha mfupa nyuma ya foleni niukute tena. Miezi ya mwanzo karibu kila mfupa ulirudi nyuma ya foleni. Mwezi wa tano nilianza kusikia kengele kama kengele tu. Mwezi wa nane niligundua kwamba sekunde sitini ni nyingi, unaweza kuugeuza mfupa mara mbili na bado ukabaki na muda wa kupiga chafya. Mara ya tatu nilipata sitini na saba. Nilimkimbilia kumwambia. Akaniuliza hizo thelathini na tatu nyingine nimeziacha wapi, akaendelea kufuta meza.

Huyo ndiye daktari wako wa tangu tumboni, baba. Hata leo wodini wauguzi wananiita Daktari Mara Mbili, kwa kuwa sitoi dawa mpaka nimepiga hesabu ya kipimo mara mbili kwenye karatasi. Wananitania, na mimi nawaacha, kwa maana ndugu zao wenyewe wakiugua wananiletea mimi.

Mama alijua. Nilimwambia mwaka uleule nikamlisha kiapo, kwa hiyo usimgombeze, nigombeze mimi. Na ndiyo, hasira niliyo nayo kwako ni nusu. Nusu iliyobaki ni yangu mwenyewe. Fimbo uliyompigia mdogo wangu Jumamosi niliichonga mimi. Ulimwambia dada yako hakuwahi kurudia, na mimi niliyerudia nilikuwa nimekaa palepale, meza kuu, na ua kifuani, kijiko mkononi. Alinitazama. Alikuwa ananiomba niseme neno, na mimi nikaangalia sahani yangu. Nimemshona mtu paji la uso huku anapiga mateke, nimempa mama mmoja habari za kifo cha mwanawe, lakini mbele yako nilishindwa kufungua mdomo. Ulipogonga viganja nilishtuka pia, ujue. Kumi na saba mara nane, hata mimi sikuwa na jibu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi zangu tatu za matokeo, zenye mihuri. Thelathini na nane, arobaini na moja, sitini na saba. Usizifiche kwenye lile sanduku la misumari. Waite waliokuwapo Jumamosi, au hata nusu yao, uwasomee kwa sauti ileile. Ukiona haya, nisubiri, nitakuja Jumapili niwasomee mwenyewe. Lakini fomu haisubiri Jumapili. Mwalimu mkuu anaitaka Ijumaa, na isipofika nafasi ya mtoto anapewa mwingine. Nilimpigia simu nikamwomba niisaini mimi, akakataa, akasema baba yupo hai na ni mzima, asaini baba. Kwa hiyo iko mikononi mwako. Mama ameiweka ndani ya lile kabati lisilofunga, rafu ya juu, chini ya mashuka. Kalamu nimekuwekea kwenye bahasha usije ukanitafutia sababu.

Usiponisikiliza, baba, sitakususa. Dawa ya mgongo nitaleta, na mguu wa mama nitautazama. Ila nikiulizwa nani alinifundisha, nitamtaja mpiga kengele, na wewe sitakutaja.

Nisalimie kaka, mwambie simu yangu bado inazima yenyewe. Nisalimie fundi cherehani na mkewe, uwaambie gauni lilinikaa vizuri, na mwanafunzi watafute mwingine. Mama mpe pole ya mguu na ya siri. Mdogo wangu usimpe salamu zozote kutoka kwangu, nitampa mwenyewe, nikishapata uso wa kumtazama nao.

Nimalizie na jambo ambalo hukulisikia kwa sababu ulikuwa bado unawahutubia wageni. Ulipomfukuza mbele ya watu, nilimfuata uani. Alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria, halii, midomo inacheza tu. Nilidhani anakulaani. Nikainama karibu, na bila kuniangalia akasema, polepole, kwa sauti ya chini kabisa, "Mia moja thelathini na sita." Nikachukua kijiti nikapiga hesabu mchangani, mara mbili. Alikuwa amepata, baba. Alihitaji dakika moja tu, na wewe hukuwa nayo.

Ni mimi binti yako,

Kipara