Mobileti Tuliyoigawana

Ramazani ndugu yangu,

Jana tulisoma arobaini yako. Watu walijaa, na mimi, kama unavyonijua, nilikaa karibu na sufuria ya wali. Ningekaa mbali, nisingesikia.

Unakumbuka vita vilipokaribia Kindu? Mobileti moja, wenyewe wawili. Tuliifungua tukagawana: wewe ukazika motere, injini yenyewe, kwako, mimi nikazika fremu na pedali nyuma ya jiko, asitoroke mtu na mali ya mwenzake. Siku hiyo ndipo uliponifundisha maana ya neno mobileti. Wafaransa, ukasema, waliliandika kwenye mashini ya aina moja tu, sisi tukaziita zote hivyo. "Lakini mobileti njo motere na pedali. Ukitosha motere, ukiiondoa, inabaki kinga tu, baiskeli ya kila mutu. Sisi wawili njo mobileti, bwana."

Nilikuamini. Kila mwezi nilifukua chuma changu nikakipaka mawese, mke wangu akiuliza mboga ataipika na nini. Kisha ukaja unalia: "Askari wamebeba motere." Nikalia nawe. Nikawalaani askari wale mpaka sauti ikakauka.

Jana mzee mmoja wa Lokandu alikaa kando yangu, akaniinamia sikioni. "Marehemu alikuwa mutu muzuri. Wakati wa vita alinipa motere ya mobileti, mi nikamupa unga. Mpaka leo inasaga mihogo yangu."

Nikarudisha tonge la wali sahanini.

Unga ule, Ramazani! Beseni ulilotuletea, ukasema umetoka kwa shemeji yako wa Pangi. Wanangu walipona njaa kwa unga ule. Nimekula motere yangu mwenyewe, nikakushukuru, nikaomba na nyongeza.

Ungeniuliza tu. Ningekubali kabla hujamaliza kusema. Badala yake umeniacha miaka yote hii... Hata juzi vijana wa moto, hizi pikipiki za abiria, walinicheka, nakanyaga pedali na tumbo hili: "Papa, iyi ni kinga!" Nikawajibu kwa ukali: ni mobileti, motere yake iliibiwa na askari. Ulikuwa kaburini, na bado nilikuwa nakusemea uongo wako.

Lala, ndugu yangu. Nimekasirika, na hasira hii nitakuja nayo huko, usijifiche. Lakini watoto wako wakiniuliza motere ya baba yao ilikwenda wapi, nakuahidi nitawaambia kama ulivyoniambia mimi.

"Askari wamebeba motere."