Feni Yangu Moja

Jumapili, jioni

Kumbe ni joto tu. Na mimi nimeilaumu memori ya kompyuta tangu mchana.

Asubuhi, baada ya mvua, niliongeza kasi ya prosesa na ya memori kidogo kidogo, nikaijaribu kompyuta masaa manne bila tatizo. Nikajiona fundi. Saa nane mchana bati la nyumba likapata moto, kompyuta ikajizima katikati ya kuhariri video ya harusi ya watu, ambayo bwana harusi anaitaka kesho.

Nani alinituma kupima wakati wa baridi, hali kazi naifanya mchana?

Nikairudisha memori kwenye kasi yake ya kiwandani, prosesa nikaishusha hatua moja, volti sikuzigusa. Halafu nikafungua ubavu wa kasha na kuuelekezea feni, hiyo moja tu niliyo nayo. Joto likashuka. Video imekamilika jioni hii, ndani yake ndugu na jamaa wote wanacheza, na chumbani niko mimi tu.

Nilitaka kumwambia mtu. Nikampigia mama, Sengerema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Nikasema nimekula. Nikaanza kumweleza habari za kasi, akasikiliza kwa upole, kisha akauliza ni nini kinachovuma hapo.

"Feni, mama."

"Afadhali. Nilikuwa nawaza unavyoteseka na joto huko peke yako."

Shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Sikumwambia feni inampepea nani.